Lektini kwenye maharage: mwongozo kamili wa kuyapika hadi yawe salama

Maharage yaliyochemka vizuri na kuiva ni salama kuliwa, kwa mtu mzima na kwa mtoto. Tumeanza na jibu kwa sababu kuna watu wameshaacha kuyala kabisa baada ya kuona video zinazodai kwamba lektini zinatoboa utumbo, na wengine wameanza kuwanyima watoto chakula ambacho kwenye nyumba nyingi ndicho protini ya kila siku. Kwa maharage yaliyoiva, hofu hiyo haina msingi. Kwa maharage mabichi na yaliyopikwa nusunusu, msingi upo tena mkubwa: punje nne au tano za maharage mekundu mabichi zikitafunwa zinatosha kumtapisha mtu mzima.

Kinachotenganisha hali hizo mbili ni mchemko. Ulaini peke yake si ushahidi. Maharage yanaweza kulainika kwenye joto lililo chini ya mchemko, yakasagika mdomoni bila shida, na bado yakawa na sumu yake. Kosa hilo ndilo linalowaumiza watu, na nafasi ya kulifanya inaongezeka kadiri tunavyotafuta njia za kuokoa mkaa, gesi na umeme.

Lektini ni kitu gani

Lektini ni protini zinazoshika sukari. Zimo kwenye mimea mingi: maharage, soya, ngano, nyanya, viazi. Mmea huziweka kwa wingi kwenye mbegu, na zinausaidia kujikinga na wadudu na wanyama. Jina lenyewe lilitolewa mwaka 1954 na William Boyd kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuchagua, kwa kuwa kila lektini ina aina yake ya sukari inayoichagua na kuishika.

Lektini ya maharage ya kawaida, yaani Phaseolus vulgaris ambayo ndani yake wamo kablanketi, Rosekoko, Lyamungo 90, maharage ya njano na yale mekundu makubwa, huitwa fitohemaglutinini. Jina ni refu lakini maana yake ni nyepesi: kitu cha mmea kinachogandisha damu. Ukiichanganya na damu kwenye chupa ya maabara, chembe nyekundu hushikana na kuwa vibonge. Ndiyo maana nguvu yake hupimwa kwa vipimo vya kugandisha chembe hizo. Maharage mekundu makubwa mabichi hufikia vipimo 20,000 hadi 70,000. Yakishapikwa sawasawa hubaki na vipimo 200 hadi 400, kiasi ambacho hakimuumizi mlaji. Maharage meupe makubwa huwa na karibu theluthi moja ya yale mekundu. Usilichukue hilo kama ruhusa ya kuyapika ovyo meupe, kwa maana theluthi ya 70,000 bado ni nyingi.

Protini nyingi tunazokula humeng'enywa tumboni zikavunjika vipande. Hii haivunjiki kirahisi. Inafika kwenye utumbo mwembamba ikiwa nzima, inashika sukari zilizo juu ya seli za ukuta wa utumbo, na kuviharibu vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula. Mwili unajibu kwa kichefuchefu, kutapika na kuharisha. Kuku na nguruwe nao wanaumia vilevile: mfugaji anayewapa maharage mabichi yaliyovunjikavunjika kwa kuona ni protini ya bure atashangaa mifugo haikui.

Moto unaimalizaje? Tazama ute wa yai. Ukiutia kwenye maji ya moto unageuka mweupe, na hata ukiuacha upoe haurudi tena kuwa ute. Protini imekunjuka na umbo lake limeharibika moja kwa moja. Lektini nayo hufanya kazi kwa umbo lake, kama ufunguo. Umbo likiharibika haiwezi tena kushika kitu. Ili umbo liharibike panahitajika mambo mawili kwa pamoja: joto la kutosha, na maji yaliyokwisha kuingia hadi katikati ya punje. Likikosekana moja, kazi haijakamilika. Karibu kila kosa utakalolisoma hapa chini linatokana na kukosekana kwa moja kati ya haya mawili.

Kabla ya kuwasha moto

Chukua nusu kilo ya maharage, kiasi kinachotosha watu watano au sita. Yamwage kwenye ungo au sinia pana na uyachambue. Mawe na udongo kila mtu huyatoa. Toa pia punje zenye ukungu, zilizotobolewa na wadudu, na zilizosinyaa zikawa nyeusi. Kama umenunua sokoni, angalia kama muuzaji amechanganya ya msimu uliopita na ya msimu huu. Ya zamani hubadilika rangi, hupoteza mng'ao na kuwa na ngozi ngumu. Mchanganyiko wa namna hiyo ni tabu, kwa sababu nusu itaiva na kupasuka wakati nusu nyingine bado inagonga meno.

Osha mara mbili, kisha loweka kwenye lita moja na nusu hadi mbili za maji baridi. Muda wa chini kabisa ni saa tano. Muda mzuri ni saa nane hadi kumi na mbili, yaani yaloweke jioni uyapike asubuhi. Kwenye joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa usizidishe saa kumi na mbili bila kubadilisha maji, maana yataanza kuchacha na kutoa povu lenye harufu. Kama una friji, yaweke humo.

Kuloweka peke yake hakuondoi lektini kiasi cha kuyafanya maharage yawe salama. Kinachofanyika ni kwamba maji yanaingia ndani ya punje na kufungua njia ya joto. Punje kavu ikitumbukizwa kwenye maji yanayochemka inabaki na kiini kikavu kwa muda mrefu, na kwenye kiini kikavu lektini inavumilia joto. Maharage yaliyoloweka vizuri huwa na uzito wa karibu mara mbili ya yale makavu: nusu kilo inakaribia kilo nzima. Ukikata punje moja kwa kisu, utaona ndani pamefanana rangi kutoka ukingoni hadi katikati. Ukiona doa jeupe kavu kama chaki pale katikati, yaache saa mbili nyingine.

Baada ya kuloweka, chagua tena. Punje zilizobaki ndogo, laini kwa nje na ngumu kama kokoto hazikunywa maji. Huwa ni zile zilizokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu hadi ngozi na ndani vikakakamaa. Zitupe. Kuziacha humo ni kujipikia punje chache mbichi katikati ya sufuria iliyoiva.

Mwaga maji ya kuloweka na suuza. Wapo wanaoyahifadhi wakidhani yana vitamini nyingi. Kinachoondoka zaidi na maji hayo ni zile sukari zinazoleta gesi tumboni pamoja na uchafu, kwa hiyo hakuna cha kusikitikia.

Mchemko wenyewe

Weka maharage kwenye sufuria, mimina maji mapya hadi yazidi usawa wa maharage kwa upana wa vidole vitatu, na washa moto mkali. Funika mfuniko ukiacha upenyo mdogo, kwani povu litapanda. Likipanda, lichote kwa mwiko au upunguze moto kidogo tu.

Hapa pana kitu cha kuangalia kwa makini. Maji yakianza kupata moto utaona viputo vidogo vimeng'ang'ania pembeni na chini ya sufuria, na mvuke unatoka. Huo si mchemko. Baadaye viputo vitaanza kupanda kimoja kimoja upande mmoja ulio juu ya moto. Huo pia bado. Mchemko ni pale maji yote yanapotokota, juu pakawa hapatulii, na punje zenyewe zikawa zinapanda na kushuka. Koroga mara moja. Kama kutokota kunaendelea hata baada ya kukoroga, hapo ndipo uangalie saa.

Kuanzia hapo hesabu dakika 30 za kutokota bila kukatika. Maabara zinaonyesha kwamba dakika 10 kwenye nyuzi joto 100 za sentigredi zinatosha kuiharibu lektini kwenye maharage yaliyoloweka. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inashauri dakika 30 ili kuhakikisha joto limefika na kukaa ndani ya kila punje. Sisi tunasimama na 30. Jikoni hakuna kipimajoto, moto wa mkaa hupanda na kushuka, na mtu huitwa nje akasahau.

Maji yakipungua, ongeza yaliyo moto. Kikombe cha maji baridi kikiingia, mchemko unakatika, na kwenye jiko lenye mkaa uliokwisha kufifia unaweza kuchukua dakika kumi kurudi. Ikitokea hivyo ndani ya zile dakika 30, usihesabu muda uliokatika.

Baada ya dakika 30 maharage yako yameshakuwa salama, lakini huenda bado ni magumu. Sasa unaweza kupunguza moto na kuyaacha yaive taratibu, dakika 40 hadi saa moja na nusu kulingana na aina na umri wake. Kujua kama yameiva, chota punje tano kutoka sehemu tofauti za sufuria, chini, juu na pembeni. Bonyeza kila moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Inapaswa kusagika yote bila kubaki kichembe kigumu katikati. Moja tu ikigoma, rudisha mfuniko.

Unapokaa milimani

Kadiri unavyopanda kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye joto dogo zaidi, karibu nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Zanzibar na Mombasa maji yanachemka kwenye 100. Bujumbura ni kama 97, Arusha na Kigali kama 95, Mbeya na Nairobi kama 94, Njombe na Eldoret kama 93.

Kwa hiyo mpishi wa Eldoret anayeona maji yanatokota kwa nguvu anapika kwenye nyuzi 93, na hawezi kuyapandisha zaidi hata akiongeza kuni, maana kuni za ziada zinatoa mvuke tu. Lektini bado inaharibika kwenye joto hilo, ila taratibu. Ushauri wetu: juu ya mita 1,000 chemsha kwa dakika 45, na juu ya mita 1,800 chemsha kwa saa moja. Kwa kawaida hili halileti usumbufu, kwa kuwa huko maharage yenyewe huchukua saa mbili kuiva na yanapita muda huo bila mpishi kujua. Tatizo linakuja pale anapokatisha mchemko ili kuokoa moto.

Sufuria la presha ndiyo dawa nzuri ya milimani. Ndani yake joto hupanda hadi karibu nyuzi 115 hadi 120, na lektini haidumu humo. Maharage yaliyoloweka yape dakika 15 hadi 20 kuanzia presha inapokamilika. Yasiyoloweka, dakika 40 hadi 45. Usijaze zaidi ya nusu, na tia kijiko kimoja cha mafuta ya kula kupunguza povu, kwani povu la maharage huziba tundu la kutolea mvuke. Acha presha ishuke yenyewe kabla ya kufungua.

Magadi, nyanya, nazi na chumvi

Magadi hulainisha ngozi ya maharage haraka, na hilo ndilo tunalotaka uliangalie. Ukitia magadi, punje zinaweza kulainika mapema sana na ukashawishika kuepua. Zile dakika 30 ziko palepale. Robo kijiko cha chai kwa nusu kilo inatosha kabisa; zaidi ya hapo mchuzi huwa na ladha ya sabuni, na vitamini B1 huharibika kwa wingi.

Nyanya, ukwaju na ndimu hufanya kinyume. Asidi inakaza ngozi ya punje, na maharage yaliyotiwa nyanya mapema yanaweza kukaa motoni saa tatu yakibaki yanagonga. Unga maharage yakishaiva: kaanga vitunguu, tia nyanya, kisha maharage na mchuzi wake. Tui la nazi nalo lingoje mwisho, tui zito likiwa la mwisho kabisa, kwa sababu linakatika likichemka sana. Chumvi unaweza kutia wakati wowote.

Makande, au githeri kwa jirani zetu, hayana wasiwasi mkubwa yakipikwa kwa namna ya kawaida, kwa kuwa mahindi makavu hukawia kuiva na maharage hupata mchemko wa kutosha yakisubiri. Isipokuwa kwenye masufuria makubwa ya shule na misiba. Chakula kikishakuwa kizito, maji hayazunguki. Chini kunatokota na kuungua, juu kumepoa. Kwenye sufuria la lita 100 chemsha maharage yakiwa na maji mengi kwanza, na koroga kwa mwiko mrefu kuanzia kwenye kitako kila baada ya dakika tano.

Njia nne zinazoleta madhara

Ya kwanza ni kikapu cha kupikia, lile kapu lililojazwa nguo, sponji au majani ambalo unatia sufuria ya moto na kufunika ili chakula kiendelee kuiva bila moto. Ni kifaa kizuri, kinaokoa mkaa mwingi, na hatuna nia ya kumkatisha mtu tamaa. Lakini tangu sufuria inapoingia humo joto linashuka tu, halipandi tena. Ukichemsha maharage dakika tano na kuyaingiza kapuni, yatakaa saa nyingi kati ya nyuzi 90 na 70, yatalainika, na lektini itakuwa imebaki. Kibaya zaidi, imeripotiwa kwamba maharage yaliyopashwa hadi nyuzi 80 tu yanaweza kuwa makali hadi mara tano kuliko mabichi. Tumia kapu kwa namna hii: loweka, chemsha dakika 30 kamili (milimani 45 au saa moja, kama tulivyoeleza juu), kisha ndipo uingize kapuni kwa saa tatu au nne. Ukitoa, yachemshe tena dakika kumi kabla ya kuunga. Majiko ya jua ya boksi yafuate utaratibu uleule: mchemko wa kwanza ufanyike kwenye moto wa kawaida, maana wingu likipita joto linaanguka.

Ya pili ni sufuria la umeme la kupika taratibu, linalopendwa sana na ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako mtu huyaacha maharage asubuhi na kuyakuta yameiva jioni. Mengi ya masufuria haya, hasa yakiwekwa kwenye kiwango cha chini, hayafiki mchemko. Uingereza ilishuhudia matukio kadhaa ya watu kuugua kutokana na maharage mekundu kuanzia katikati ya miaka ya 1970, mengi yakitokana na maharage yaliyoloweka tu au kupikwa kwa joto dogo. Huko pakiti za maharage makavu huandikwa maelekezo ya kuyachemsha kwanza. Yafuate. Chemsha kwenye jiko, mwaga maji, kisha uhamishie kwenye sufuria hilo. Maharage ya kopo hayana shida hii. Yamepikwa ndani ya kopo kwa joto la juu na yanaweza kuliwa yalivyo.

Ya tatu ni unga, na kwa Afrika Mashariki hii ndiyo inayotutia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu inawagusa watoto wachanga. Uji wa lishe mara nyingi husagwa kwa kuchanganya mahindi, mtama, ulezi, karanga, soya na wakati mwingine maharage, vyote vikavu, vikapelekwa mashineni pamoja. Kisha mama anapika uji dakika kumi au kumi na tano, unakuwa mzito, unaruka vitone, na unaonekana umeiva. Uji mzito unatokota sehemu moja huku sehemu nyingine ikiwa imepoa. Mtoto anayeharisha kila apewapo uji huo anaweza kuandamwa na dawa za minyoo wakati tatizo ni maharage mabichi. Soya nayo mbichi ina lektini yake, pamoja na kizuizi kinachozuia protini isimeng'enywe, kwa hiyo inamnyima mtoto kile ulichomtilia.

Kukaanga kavu hakutatui. Punje kavu inaungua nje ikiwa mbichi ndani, kwa kuwa hamna maji ya kusafirisha joto. Mwezi Mei 2006 huko Japani, kipindi cha televisheni kiliwafundisha watazamaji kukaanga maharage meupe kwa dakika kama tatu, kuyasaga, na kunyunyiza unga wake juu ya wali ili wapunguze uzito. Mamia ya watu walitapika na kuharisha, na wengine wakalazwa hospitali.

Unga salama wa maharage au soya unapatikana hivi. Loweka saa kumi na mbili. Mwaga maji, suuza. Soya isugue kwa viganja ili maganda yatoke. Chemsha dakika 30 za kutokota. Chuja, tandaza safu nyembamba juu ya kitambaa safi au chekecheke, na anika juani siku mbili au tatu, ukiingiza ndani usiku. Imekauka pale punje inapovunjika kwa mlio ukiiuma. Baada ya hapo ukitaka harufu nzuri unaweza kuikaanga kidogo, kisha saga. Ukinunua unga uliokwisha kuchanganywa, muulize muuzaji swali moja: maharage na soya vilichemshwa kabla ya kusagwa? Akijibu kwamba vilikaangwa tu, tafuta kwingine.

Ya nne ni maharage yaliyochipushwa. Kuchipusha kunapunguza lektini, hakuimalizi. Choroko zilizochipua zinaliwa na wengi zikiwa mbichi na lektini yake ni ndogo. Maharage ya kawaida yaliyochipua lazima yachemshwe kama mengine. Vilevile yale machanga ya kijani yanayoliwa na maganda yake, usiyatie kwenye saladi yakiwa mabichi. Yachemshe kwa dakika kumi yakatwe vipande.

Ndugu wa maharage

Kunde, mbaazi, choroko, dengu na njugu mawe zina lektini kidogo au dhaifu zaidi kuliko maharage ya kawaida. Ukizichemsha hadi zilainike, umemaliza. Ngwara, wanayoiita njahi Kenya, ilowekwe na kuchemshwa dakika 30 kama maharage, na maji ya mchemko wa kwanza yamwagwe.

Fiwi ina jambo lake jingine, nalo ni sumu ya sianidi, hasa aina zenye rangi na zile za mwituni. Sianidi hutoka na mvuke, kwa hiyo fiwi huchemshwa bila mfuniko, mahali penye hewa, na maji ya kwanza humwagwa. Maharage mapana ya Kiarabu, yale ya kupikia ful, yana lektini ndogo sana, lakini kwa watu wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, yanaweza kuvunja chembe nyekundu za damu hata yakiwa yameiva. Upungufu huo hurithiwa, na upo kwa wingi Oman na mwambao wa Afrika Mashariki. Kama mmoja katika familia amewahi kugeuka manjano na kukojoa mkojo mweusi baada ya kula ful, kupika zaidi hakutasaidia, mhusika asiyale.

Na nyonyo, ambayo wengine huiita mbarika? Ndani ya mbegu zake mna risini, lektini kali kiasi cha kuua. Ndiyo inayoaminika ilitumika kumuua mwandishi wa Bulgaria, Georgi Markov, huko London mwaka 1978. Tunaitaja kwa sababu baadhi ya video za mtandaoni huitoa kama mfano wa ubaya wa lektini zote na kisha kurukia maharage ya chakula cha mchana. Ni mbegu nyingine, sumu nyingine, na wala si chakula. Watoto wasichezee mbegu zake.

Ukiumwa baada ya kula maharage

Muda ndio unaokupa fununu. Lektini huanza kuuma saa moja hadi tatu baada ya kula: kichefuchefu kikali, kutapika, halafu kuharisha, mara nyingine na maumivu ya tumbo. Kwa kawaida hali hutulia ndani ya saa tatu au nne tangu ilipoanza. Tumbo kujaa gesi bila kutapika ni ile sukari ya maharage inayochachushwa na bakteria wa utumbo mpana. Inakera lakini si sumu. Kuharisha kunakoanza saa nane hadi kumi na mbili baadaye, hasa kama maharage yalikuwa kiporo kilichoachwa nje usiku kucha, mara nyingi kunatokana na bakteria walioota kwenye chakula, na hapo lektini haina hatia.

Usimeze dawa ya kuzuia kuharisha. Kunywa maji ya ORS. Kama hakuna pakiti, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, unywe kidogo kidogo. Mtoto anayetapika mpe kijiko kimoja kila dakika moja au mbili badala ya kikombe kizima. Nenda kituo cha afya bila kusubiri kama kuna damu kwenye kinyesi, kama mtoto amelegea, macho yamezama au hakojoi, kama ni mjamzito au mzee, au kama kutapika kunaendelea baada ya saa sita. Waeleze alikula nini, yalipikwaje, na kwa muda gani.

Maharage yaliyobaki kwenye sufuria siku hiyo yamwage, usijaribu kuyaokoa kwa kuyapasha. Sufuria inayofuata ikiiva, gawa kwenye vyombo vifupi vipoe haraka, weka kwenye friji ndani ya saa mbili na ule ndani ya siku tatu au nne. Penye ukosefu wa friji, pika ya kutosha siku moja, na yaliyobaki yatokote dakika kumi kabla hayajafika mezani.